Zongzi na mshairi Qu Yuan: kipi kilitangulia, desturi au hadithi?

“Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na shuleni kwetu wapo wanafunzi wanaosoma Kichina. Tunaandaa siku ya utamaduni, nami nimepewa kazi ya kueleza asili ya vyakula vya sikukuu za Wachina. Mwalimu mwenzangu kutoka China aliniambia kwamba zongzi, ule wali unaofungwa kwa majani, ulianza pale wanakijiji walipoutupa mtoni ili samaki wasiule mwili wa mshairi Qu Yuan, na kwamba keki za mwezi zilitumika kuficha barua za waasi waliowafukuza Wamongolia. Nilipotafuta zaidi nikasoma kwamba hadithi zote mbili ni uongo mtupu, na kwamba zongzi zilikuwapo karne nyingi kabla ya Qu Yuan kuzaliwa. Sasa sijui niwaambie nini wanafunzi, na sipendi kumvunjia heshima mwenzangu mbele yao. Tunataka pia kupika zongzi na kuwaonjesha wanafunzi pamoja na watoto wa chekechea ya jirani. Nimesoma kuwa katika sikukuu ya zongzi, siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda ya Wachina, hunywewa mvinyo uliotiwa unga mwekundu wa madini. Je, ni salama? Na nimwamini nani?”

Mwalimu, nakushukuru kwa kulieleza jambo lako kwa kina. Nikilielewa vyema, kinachokusumbua si zongzi zenyewe. Umewekwa kati ya mwenzako unayemheshimu na maandishi yanayomkanusha, na darasa zima linakungoja wewe useme ukweli. Nitakupitisha katika maandishi ya kale moja baada ya jingine, kwa sababu katika suala hili tarehe ya maandishi ndiyo inayokata shauri. Msimamo wangu ni huu: hadithi ya Qu Yuan haikuzaa zongzi, lakini kuiita uongo mtupu pia ni makosa. Ilikuja baadaye, ikaikuta desturi ipo, ikaipa sababu ambayo watu waliipenda kuliko sababu za awali. Namna ilivyokuja ndiyo historia ninayotamani wanafunzi wako waisikie.

Tuanze na mtu mwenyewe. Qu Yuan aliishi takriban kati ya mwaka 340 na 278 KK katika dola ya Chu, iliyotawala sehemu kubwa ya bonde la kati la mto Yangtze wakati China ilipokuwa imegawanyika katika dola zilizopigana bila kukoma. Alikuwa ofisa mkubwa wa mfalme na mshairi wa kiwango cha juu. Alimwonya mfalme wake asiiamini dola ya Qin, akasingiziwa na maofisa wenzake, akaondolewa barazani na hatimaye akapelekwa uhamishoni kusini. Mwaka 278 KK jemadari Bai Qi wa Qin aliuteka mji mkuu wa Chu, na kwa mapokeo ni baada ya msiba huo ndipo Qu Yuan alipokumbatia jiwe na kujitosa katika mto Miluo, katika jimbo la Hunan la leo.

Maisha yake tunayajua kupitia mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika karibu na mwaka 100 KK. Ukikisoma kisa chote cha Sima Qian hutakuta zongzi, hutakuta mashindano ya mashua yanayofanywa siku hiyo, wala hutakuta tarehe ya kifo. Utakuta mshairi aliyekonda, nywele zikiwa timutimu, akizungumza na mvuvi ukingoni mwa mto. Kisha jiwe, kisha maji. Mwandishi anaongeza kwamba zaidi ya miaka mia moja baadaye ofisa mwingine aliyepelekwa mbali na ikulu, Jia Yi, alipovuka mto Xiang aliandika maombolezo ya Qu Yuan na kuyatupa majini. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho maandishi yanathibitisha kuwa kilitupwa mtoni kwa ajili ya Qu Yuan kilikuwa ni utungo, wala si chakula.

Maelezo ya mapema yaliyo wazi kuhusu zongzi kama chakula cha sikukuu yanatoka kwa Zhou Chu, aliyeishi kati ya mwaka 236 na 297 BK katika eneo la chini la mto Yangtze. Kitabu chake cha desturi za kwao kimepotea, ila vipande vyake vimenukuliwa na waandishi waliomfuata. Anasema kwamba katika siku ya tano ya mwezi wa tano, na vilevile siku ya jua kufika kilele cha kiangazi, watu walichukua nafaka ndogo yenye kunata, ya jamii ya ulezi na uwele, wakaifunga kwa majani ya mmea wa majini unaofanana na mpunga, wakaichemsha katika maji mazito ya majivu hadi ikaiva kabisa. Maji hayo ya majivu yana kazi ileile ya magadi tunayotia katika maharage: hulainisha punje, huziongezea mnato, na huzipa rangi ya manjano. Yana faida nyingine pia, kwani chakula kilichopikwa humo huchelewa kuchacha, jambo lenye thamani kubwa katika mwezi wa joto na unyevu. Mpaka leo kusini mwa China zipo zongzi za manjano zisizo na kitu chochote ndani, zinazopikwa kwa magadi na kuliwa baridi kwa sukari au asali, na mtu akizionja anapata ladha iliyo karibu na ile aliyoiandika Zhou Chu.

Zhou Chu anatoa pia sababu ya kuliwa chakula hicho, nayo haina uhusiano wowote na mshairi. Anasema kifurushi kile ni mfano wa yin na yang, nguvu mbili za ulimwengu, wakati ambapo bado zimefungamana na hazijaachana. Sababu yake ni ya majira: mwaka umefika kileleni, mchana ni mrefu kuliko wakati wowote, na kuanzia hapo baridi inaanza kurudi polepole. Jina la Qu Yuan halimo katika maelezo hayo.

Hapa nisahihishe na ile kauli ya pili uliyoisoma, kwamba zongzi zilikuwapo karne nyingi kabla ya Qu Yuan kuzaliwa. Kauli hiyo hurudiwa sana, mara nyingi bila kutajwa andiko lolote la wakati huo. Kufunga nafaka kwa jani na kuichemsha ni ufundi mwepesi ambao watu wengi duniani wameugundua wenyewe, na yawezekana kabisa kuwa ni wa kale mno. Lakini kitu kinachowezekana si kitu kilichothibitishwa. Ukiwaambia wanafunzi kwamba ushahidi ulio wazi wa zongzi kama chakula cha siku hiyo ni wa karne ya 3 BK, utakuwa umesimama mahali pagumu pasipotikisika.

Basi Qu Yuan aliingiaje? Aliingia kupitia hadithi ya mzimu. Wu Jun, mwandishi aliyeishi kati ya mwaka 469 na 520 BK, alikusanya visa vya ajabu, na kimojawapo kinamhusu mtu wa Changsha aitwaye Ou Hui. Kwa mujibu wa kisa hicho, watu wa Chu walikuwa wakitia mchele ndani ya vipande vya mwanzi na kuvitupa mtoni kila siku ya tano ya mwezi wa tano, kumpa sadaka Qu Yuan. Siku moja mchana kweupe Ou Hui alitokewa na mtu aliyejitambulisha kwa cheo alichokuwa nacho Qu Yuan enzi za uhai wake. Mtu yule akamshukuru kwa ukarimu wao, kisha akalalamika kwamba sadaka zao huibwa na joka la majini kabla hazijamfikia. Akawaagiza waufunike mdomo wa mwanzi kwa majani ya mti fulani na kuufunga kwa nyuzi za rangi tano, kwa kuwa joka huogopa vitu hivyo viwili. Ou Hui alifanya alivyoagizwa, na Wu Jun anamalizia kwa kusema kwamba hiyo ndiyo asili ya nyuzi na majani ya zongzi za zama zake.

Naomba uutazame kwa makini ushahidi huu, kwa sababu una mambo ambayo toleo maarufu limeyapoteza. Samaki hawamo. Hakuna anayejaribu kuulinda mwili usiliwe. Chakula ni cha marehemu mwenyewe, na mwizi ni joka. Tena kisa kimeandikwa zaidi ya miaka 700 baada ya kifo kile, ingawa Wu Jun anakiweka mwanzoni mwa zama za Han ya Mashariki, katika karne ya 1 BK. Samaki waliingia baadaye, pengine kwa sababu watu waliona sadaka kwa mzimu haiwaingii akilini na wakataka maelezo ya kibinadamu zaidi. Mwenzako amekusimulia hadithi kama alivyofundishwa utotoni, na kama wanavyofundishwa watoto wengi wa China hadi leo. Hakubuni kitu.

Majani na nyuzi zile nazo zina historia yake. Mti uliotajwa ni wa jamii moja na mwarobaini wetu, na majani yake hufukuza wadudu. Nyuzi za rangi tano zilikuwapo katika sikukuu hii kabla ya Wu Jun: mwishoni mwa karne ya 2 BK ofisa Ying Shao aliandika kwamba watu walizifunga mikononi siku ya tano ya mwezi wa tano ili kujikinga na silaha na mizimu. Kwa hiyo mzimu wa Ou Hui unaagiza kinga ambazo watu walikuwa nazo tayari majumbani. Hapo tunaishika hadithi mkononi ikiwa kazini: inaokota vitu vilivyopo na kuvipa chanzo kimoja chenye jina na uso.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe, kwa maana hapo ndipo ninapoamini mzizi ulipo. Kalenda ya jadi ya Wachina hufuata mwezi mwandamo kama ya Hijria, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi wa kumi na tatu, hivyo sikukuu hazizunguki katika majira yote. Siku ya tano ya mwezi wa tano huangukia daima kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni. Katika bonde la Yangtze huo ni wakati wa joto zito na mvua zisizokatika. Nguo huota ukungu, nyama huoza, mbu huzaliana, na homa na kuhara huanza. Mwezi wa tano uliitwa mwezi mbaya. Watu waliwachora nyoka, nge, tandu, chura na mjusi, waliowaita sumu tano, na wakawabandika ukutani kama kinga. Walitundika mlangoni matawi ya mmea wa jamii ya pakanga na majani ya mgugu wa majini yenye umbo la upanga, yote yakiwa na harufu kali. Walioga maji ya mimea. Ukiyaangalia mambo haya pamoja unaona nyumba zinazojihami dhidi ya maradhi ya kiangazi kwa dawa zilizokuwapo.

Hofu ya siku hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kutishia maisha ya watoto. Sima Qian anasimulia kuhusu Tian Wen, aliyekuja kujulikana kama Bwana wa Mengchang katika dola ya Qi, na aliyeishi zama zilezile za Qu Yuan. Tian Wen alizaliwa siku ya tano ya mwezi wa tano, na baba yake, aliyekuwa na wana zaidi ya arobaini, akamwamuru mama mtu, suria wa daraja la chini, asimlee. Mama akamlea kwa siri. Alipokuwa mkubwa akaletwa mbele ya baba, na baba akawaka kwa hasira, akisema kwamba mtoto wa siku hiyo akifikia kimo cha mlango huwaletea wazazi wake maangamizi. Kijana akainama kwa adabu, akauliza kama uhai wa mtu hutoka mbinguni au hutoka kwenye mlango. Baba akanyamaza. Kijana akaendelea: ikiwa hutoka mbinguni, baba una wasiwasi gani, na ikiwa hutoka kwenye mlango, uinue tu huo mlango, nani ataufikia? Nakushauri uwasomee wanafunzi kisa hiki kizima. Kinawaonyesha kwamba tarehe hii iliogopwa kwa sababu ambazo hazina habari na mshairi wa Chu wala na mto Miluo.

Tarehe inayoogopwa huvuta misiba. Ndiyo maana katika sehemu mbalimbali za China siku hiyohiyo imewekewa mashujaa tofauti waliokufa majini. Katika eneo la Wu, upande wa Suzhou, aliyekumbukwa ni Wu Zixu, mshauri mwaminifu aliyeamriwa na mfalme wake ajiue mwaka 484 KK, na maiti yake ikatupwa mtoni ndani ya mfuko wa ngozi. Huko Shangyu, katika jimbo la Zhejiang la leo, anakumbukwa msichana Cao E, ambaye mwaka 143 BK baba yake alizama siku ya tano ya mwezi wa tano akiwa katika ibada ya kumlaki mungu wa mawimbi, naye akamlilia kandokando ya mto kwa siku nyingi na mwishowe akajitosa. Katika karne ya 6 BK, Zong Lin, aliyeandika kuhusu desturi za mwaka katika nchi ya kale ya Chu, anasema mashindano ya mashua ya siku hiyo ni ya kumkumbuka Qu Yuan, na papo hapo anakiri kwamba watu wa Wu ya mashariki wanayahusisha na Wu Zixu. Kama asili ingekuwa kifo cha mtu mmoja, kusingekuwa na wafu watatu wanaoigombania siku moja.

Lipo pia wazo la mwanazuoni na mshairi Wen Yiduo, ambaye katika miaka ya 1940 alidai kwamba sikukuu hii ilianza kama ibada ya joka miongoni mwa watu wa Wu na Yue, waliojichora miili na kuishi kwa kutegemea maji. Wazo hilo limependwa sana na utalikuta limeandikwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mimi naliheshimu kwa sababu lilikuwa miongoni mwa yaliyowafanya wasomi waitazame desturi kabla ya hadithi, lakini limejengwa kwa kukisia kutokana na vipande vya maandishi ya baadaye, na sioni sababu ya kuwafundisha watoto dhana mpya mahali pa ile ya zamani.

Kwa nini Qu Yuan alishinda wenzake? Kwanza, aliacha mashairi yake, na kila kizazi cha maofisa kilichosomea mitihani ya serikali kiliyasoma na kujiona ndani yake: mtumishi mwaminifu anayesingiziwa na bado hasaliti nchi. Pili, watawala nao walipenda mfano huo wa uaminifu. Tatu, historia ya karibuni ilimwinua upya. Wakati wa vita dhidi ya Japani, mwaka 1941, waandishi waliokimbilia Chongqing waliitangaza siku hii kuwa siku ya washairi, na Qu Yuan akawa sura ya mzalendo anayeumia nchi yake ikitekwa. Mwaka 2008 sikukuu hii ilifanywa kuwa mapumziko ya kitaifa nchini China, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Maeneo yaliyowasilishwa ni pamoja na Miluo na Zigui, kunakotajwa kuwa nyumbani kwa Qu Yuan, lakini pia Suzhou, kunakokumbukwa Wu Zixu. Hata orodha rasmi, basi, haikumpa mshairi sikukuu yote.

Keki za mwezi nitazieleza kwa kifupi, kwa kuwa ushahidi wake ni mwepesi kupima. Hadithi inasema kwamba waasi wa Zhu Yuanzhang waliweka karatasi ndani ya keki, zikiwaita watu wainuke dhidi ya Wamongolia usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane. Uasi dhidi ya utawala wa Yuan, yaani utawala wa Wamongolia, ulikuwa umeanza mwaka 1351 na uliendelea kwa miaka mingi katika majimbo mengi, haukuwa wa usiku mmoja. Zhu Yuanzhang alijitangaza mfalme wa Ming mwanzoni mwa mwaka 1368, na jeshi lake likaingia katika mji mkuu, Beijing ya leo, katika siku ya pili ya mwezi wa nane wa kalenda yao, yaani kabla ya mwezi kupevuka, ilhali mfalme wa Yuan alikuwa amekwisha kukimbia. Kwa upande mwingine, jina la keki za mwezi linaonekana katika maelezo ya vitafunio vya Hangzhou ya zama za Song, katika karne ya 13, bila kuhusishwa na sikukuu. Katika karne ya 16, Tian Rucheng, akiandika kuhusu Hangzhou hiyohiyo, anasema wazi kwamba katika siku ya katikati ya majira ya vuli watu hupeana keki za mwezi kwa maana ya familia kukutana pamoja. Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa na mtu aliyeiona, nami naiona inatosha. Hadithi ya barua za siri ilipata nguvu baadaye, ikapendwa hasa pale Wachina walipokuwa wakitafuta tena mifano ya kupinga utawala wa wageni.

Ukiulizwa kuhusu jiaozi, yale maandazi madogo ya kuchemsha yenye nyama ndani, ambayo husemekana yalibuniwa na tabibu Zhang Zhongjing ili kuponya masikio yaliyogandishwa na baridi, jibu linafanana. Katika vitabu vinavyonasibishwa kwake lipo agizo la supu ya nyama ya kondoo, tangawizi na mzizi mmoja wa dawa, jiaozi hazimo. Jiaozi zenyewe zimefukuliwa zikiwa zimekauka katika makaburi ya zama za Tang huko Turpan, jangwani kaskazini-magharibi.

Sasa darasani. Unaweza kusimulia hadithi peke yake, na watoto watafurahi, lakini wewe ni mwalimu wa historia na hutaridhika. Unaweza kuikanusha mbele yao, na hapo utamwaibisha mwenzako na kuwafunza wanafunzi kudharau kitu wasichokielewa. Mimi ningependa mgawane kazi. Mwombe asimulie kisa cha Qu Yuan kama alivyokisikia nyumbani kwao, kwa sauti yake, bila kukatizwa. Kisha wewe waulize wanafunzi: nani aliyekiandika kwanza, na baada ya miaka mingapi? Andika ubaoni Sima Qian, Zhou Chu, Wu Jun na Zong Lin kwa mpangilio wa tarehe, na mbele ya kila jina andika anachokitaja na asichokitaja. Wanafunzi wenyewe wataona hadithi ikikua. Mweleze mwenzako mpango huo mapema, mkiwa wawili, na umuulize kwao ni mkoa gani na zongzi zao huwekwa nini ndani. Kaskazini hupenda tende au maharage matamu, kusini wengi hutia nyama na kiini cha yai lenye chumvi, na watu hulitetea pishi la kwao kwa moyo wote. Kuhusu desturi ya familia yake yeye ndiye wa kuaminiwa, kuliko mimi na kuliko kitabu chochote.

Katika kupika, chagueni tende zilizotolewa kokwa au maharage mekundu yaliyopondwa na kutiwa sukari, maana shuleni kwenu wapo Waislamu na zongzi nyingi za dukani zina nyama ya nguruwe au mafuta yake. Hamtakuwa mmepunguza chochote: huko Xi'an, katika mtaa wa Waislamu wa Hui, huuzwa zongzi tupu ya mchele wa kunata, muuzaji akiikata vipande kwa uzi badala ya kisu ili isishike, kisha akaimiminia asali. Mchele wa kunata ulowekwe usiku kucha. Majani makavu ya mwanzi yachemshwe kwanza, na mkiyakosa, majani ya mgomba yaliyopitishwa kidogo juu ya moto yanafaa. Kaza uzi bila kubana sana kwa sababu mchele utavimba, na zichemshwe zikiwa zimefunikwa na maji kwa saa 2 hadi 3. Epukeni majani yenye kijani kikali kisichofifia hata yakichemshwa. Yapo yaliyowahi kutiwa kemikali za shaba ili yavutie. Zisizoliwa siku hiyo ziwekwe kwenye jokofu, wala zisikae juani tangu asubuhi hadi jioni, kwa kuwa wali wa vuguvugu huzalisha vijidudu vinavyotapisha.

Kwa watoto wa chekechea nina wasiwasi wa kweli. Mchele huu hunata kooni, na mtoto mdogo hawezi kuutafuna vizuri. Wapeni vipande vidogo kuliko ncha ya kidole, wakiwa wamekaa, mtu mzima mmoja akiwatazama watoto wachache, bila karanga wala tende nzima. Kama hamna watu wazima wa kutosha, wapeni watoto hao nyuzi za rangi tano za kufunga mikononi na chakula kingine walichozoea. Afadhali pia kumwomba muuguzi wa zahanati ya karibu awepo au awafundishe mapema namna ya kumsaidia aliyepaliwa. Mwenye kisukari aonje kidogo baada ya kuzungumza na anayemtibu, maana mchele huu hupandisha sukari haraka.

Mvinyo ule usiandaliwe kabisa, hata kwa maonyesho. Unga wake mwekundu ni madini ya arseniki na salfa, na ukipashwa moto hutoa arseniki ya sumu kali zaidi. Zamani watu waliunywa na kuwapaka watoto wao usoni kwa kuamini unafukuza nyoka na maradhi. Leo madaktari wa China wenyewe wanawaonya watu wasiuguse. Waonyesheni wanafunzi picha, inatosha. Ikitokea mtu ameletewa unga huo na akaunywa au kuulamba, kisha akaanza kutapika, kuumwa tumbo, kuhara au kuhisi kizunguzungu, msimpe maziwa wala dawa ya kienyeji mkingoja apate nafuu. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mchukue chombo chenye masalio ya unga ili daktari ajue anatibu nini.